Panda Chakula Kabla ya Kununua Mbuzi

(Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya akina mama na vijana, Kaunti ya Kakamega)



Mwenyekiti wenu ameniambia kwamba kikundi kimeweka akiba, na sasa mnataka kununua mbuzi ili kila nyumba ipate. Mnataka niwaambie ni mbuzi wa aina gani wanaofaa. Nitajibu swali hilo, lakini kwanza niruhusuni niungame kosa langu mwenyewe.

Nilipotoka chuoni na diploma yangu nilikuwa na haraka ya kuleta maendeleo. Tulisaidia kikundi kimoja kununua mbuzi sita wa maziwa, wakubwa, wazuri wa kutazama. Kila mama alitoa mchango wake. Mmoja wao, mjane mwenye robo ekari tu, aliuza kuku wake wote ili atimize mchango. Tulipiga picha, tukaimba, tukarudi ofisini. Kabla ya mwaka kwisha, mbuzi watano walikuwa wamekufa. Nilipoenda kumpa pole yule mjane, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huyu mbuzi alikuwa akila nini huko alikotoka kabla hajaja kwangu?" Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumejiuliza.

Basi leo neno langu ni moja: chakula kwanza, banda la pili, mbuzi wa tatu. Sisi tulianza na mbuzi, tukamaliza na kaburi.

Mbuzi gani?

Watu wengi humdharau mbuzi wetu mdogo wa kienyeji. Wanasema hana maziwa. Ni kweli, maziwa yake ni kidogo, mara nyingi hayatoshi ila watoto wake. Lakini hebu tupige hesabu. Jike mzima wa kienyeji ana uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi. Kwa siku atahitaji karibu kilo 4 za majani mabichi. Wawili watahitaji kilo 8, mzigo ambao mtoto wa shule anaweza kubeba kichwani. Toggenburg jike mzima hufika kilo 50 na zaidi, na akikamuliwa hula mara mbili ya huyo au kupita. Mwenye ekari nzima na maji karibu, afuge Toggenburg, simkatazi. Mwenye robo ekari nyuma ya nyumba, aanze na majike wawili wa kienyeji. Nasema wawili, kwa sababu mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hulia kutwa.

Chakula

Hapa kwetu mwezi wa Mei kila mtu ana majani. Mimi nitakuuliza juu ya Januari. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kinachoonyesha nani mfugaji. Kwa hiyo, kabla ya kununua, pandeni kaliandra au lukina ukingoni mwa shamba na kwenye makinga-maji. Miti hiyo hailali shambani pa mahindi, ni ua tu. Kaliandra huanza kukatwa ikishatimiza karibu mwaka mmoja. Ikate kwenye kimo cha mita moja kutoka ardhini, itachipuka tena. Lakini isizidi theluthi ya chakula cha siku. Kinachobaki kiwe majani ya nepia, marando ya viazi vitamu, maganda ya ndizi na majani ya kando ya njia. Mtasema mwaka ni mrefu. Ndiyo, ni mrefu. Lakini akiba yenu haitaoza kwa mwaka mmoja, na mbuzi mwenye njaa hangoji miti ikue.

Tahadhari mbili. Msimpe mbuzi ugali au unga wa mahindi kwa wingi, tumbo litachafuka na anaweza kufa. Na chakula kining'inizwe au kiwekwe kwenye hori, kwa maana mbuzi hali kilichokanyagwa. Maji safi yawepo kila siku, na chumvi ya kulamba.

Banda

Majike wawili na watoto wao watatosha katika banda la futi 6 kwa 8. Sakafu iinuliwe futi 2 au 3 kutoka chini, iwe ya fito au mbao zilizoachana nusu inchi. Mavi yataanguka chini, lakini kwato za mtoto hazitanaswa. Mbuzi anayelala pakavu hasumbuliwi sana na minyoo, kwato wala mapafu. Na yale mavi yanayoanguka ni mbolea. Usiyaache, yapeleke kwenye mboga na mahindi.

Beberu na uzazi

Sasa hapa sikizeni vizuri. Mtoto wa kiume wa mbuzi anaweza kupanda akiwa na miezi mitatu au minne tu. Ukimwacha na mama yake na dada zake, watazaliana wenyewe kwa wenyewe, na baada ya miaka michache utakuwa na mbuzi dhaifu, kisha utasema kienyeji ni mbaya. Wahasiwe au watengwe mapema. Si lazima kila nyumba iwe na beberu. Kikundi kiwe na mmoja, anunuliwe mbali na hapa, na kila baada ya mwaka mmoja hivi mbadilishane na kikundi kingine, ili asiwapande binti zake.

Jike asipandwe kabla ya kutimiza mwaka. Joto lake hurudi kila siku 21. Mtamwona anatikisa mkia na kulia ovyo. Mimba huchukua siku 150, yaani miezi mitano. Mtoto akizaliwa, anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, katika saa zake za mwanzo. Msimnyime, hiyo ndiyo kinga yake.

Magonjwa

Kila wiki fungua kope la chini la jicho uangalie ndani. Likiwa jekundu, vizuri. Likiwa jeupe, damu imepungua, na mara nyingi ni minyoo. Nenda kwa afisa wa mifugo, upime dawa kwa uzito, si kwa kukisia. Mwulizeni pia juu ya chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi, na ya PPR, ugonjwa ulioingia Turkana mwaka 2006. Mbuzi mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Na kama mtakamua, maziwa yachemshwe.

Neno la nyumbani

Akina baba mniwie radhi. Katika nyumba nyingi mama hukata majani, watoto huchota maji, halafu siku ya soko mbuzi huondoka bila mtu kuulizwa. Kaeni chini leo, kabla ya kununua, mkubaliane ni mbuzi gani atauzwa, lini, na kwa kazi gani. Mimi nashauri majike wabaki, wauzwe madume waliohasiwa. Ukiuza jike umekula mbegu.

Yule mjane, je? Alikataa msaada wetu wa pili, na sikumlaumu. Alipanda lukina kuzunguka robo ekari yake, akangoja. Zamu yake ya chama ilipofika akanunua jike mmoja wa kienyeji, baadaye wa pili. Miaka imepita. Mtoto wake wa mwisho alipoitwa kidato cha kwanza, aliuza madume wawili. Hawakumaliza karo yote, lakini mtoto aliripoti shuleni siku moja na wenzake, ana sare na sanduku lake.

Ndiye aliyenifundisha haya, wala si chuo. Basi nendeni mkapande. Nikirudi Januari sitauliza mmenunua mbuzi wangapi. Nitaomba kuona ua wenu.