Kinywa cha Mtoto

Sisi walimu mara nyingi tumemwona mtoto ameshika shavu, somo halimwingii, nasi tukamwita mvivu; kumbe ni jino.

Basi, kwanza tumwulize: Waumwa wapi? Wala nini kati ya milo? Wapiga mswaki mara ngapi? Kisha tumsimamishe penye mwanga, afumbue kinywa, tutazame. Meno ya utotoni ni 20. Lakini apatapo miaka 6 hivi, nyuma yake huota magego mapya, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani kuwa ni ya utotoni, wakasema, "Na lioze, litaota jingine." La! Gego hilo likipotea halioti tena. Tena tutazame ufizi: ukitoka damu, mara nyingi ni kwa utando wa uchafu ulioshikamana na meno, wala si sababu ya kuacha mswaki.

Tukiisha kujua hali yake, tupange utunzaji kwa haja yake. Mwenye ufizi mwekundu afundishwe kusugua taratibu penye ufizi, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mwenye kula vitu vitamu kutwa apunguze, maana vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi ilayo jino. Mwenye tundu au uvimbe apelekwe kwa daktari wa meno, asingoje maumivu. Baada ya mwezi, tumkague tena.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jioni ya leo, kila mzazi na alitazame gego lile la nyuma.