Lugha ya Mtihani na Haki ya Mtoto

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya wanaharakati na waumini



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu na sheria. Nimechagua jambo moja ambalo halitajwi sana majukwaani, nalo ni lugha ambayo mtoto hutahiniwa. Wako watakaouliza jambo hili linahusiana vipi na harakati zetu. Jibu langu ni kwamba yeyote anayeshika mlango wa mtihani ameshika mlango wa kazi, wa uongozi na wa heshima ya mtu katika nchi yake. Tukiuacha mlango huo bila kuuchunguza, tutakuwa tumebadilisha vyama tu na kuiacha dhuluma mahali pake.

Waumini wanaikumbuka habari iliyomo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliamriwa atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka kama wao aliuawa, na waliokufa walikuwa 42,000. Hakuna aliyewauliza watu hao wanajua nini au wamefanya nini. Walipimwa kwa ndimi zao. Huo ulikuwa mtihani, na ulikuwa sawa kwa kila mtu, maana neno lilikuwa lile lile. Je, ulikuwa wa haki?

Swali hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoamuliwa tarehe 21 Januari 1974. Katika shule za umma za San Francisco walikuwapo takriban wanafunzi 1,800 wenye asili ya China ambao hawakujua Kiingereza, wala hawakupewa msaada wowote wa kujifunza lugha hiyo. Wakuu wa shule walijitetea kwamba hawakumbagua mtu: vitabu ni vile vile, walimu ni wale wale, madarasa ni yale yale. Mahakama iliukataa utetezi huo. Jaji William Douglas alieleza kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu sawa na wenzake si usawa, ikiwa haelewi lugha inayotumiwa, kwa kuwa mtoto huyo amefungiwa nje ya elimu yenyewe. Msingi wa hukumu ulikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa rangi, kabila au asili ya taifa katika shughuli yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Mwaka huo huo wa 1974 bunge lao lilipitisha sheria ya kuyalazimisha majimbo kuchukua hatua za kuondoa vizuizi vya lugha shuleni.

Hoja hiyo ilipoingia darasani, haikukawia kufika katika chumba cha mtihani. Rais George W. Bush alipotia sahihi sheria mpya ya elimu Januari 2002, kila jimbo lilitakiwa kuwapima watoto katika kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Sheria hiyo ilielekeza kwamba wanaojifunza Kiingereza wapimwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha na namna itakayoonyesha kwa usahihi wanachokijua. Iliagiza pia matokeo yao yatangazwe peke yake, ili shule isiwafiche nyuma ya wastani wa jumla. Sheria iliyofuata, ya mwaka 2015, iliyataka majimbo yatambue lugha zinazozungumzwa na wanafunzi wengi na kufanya kila juhudi kuandaa mitihani katika lugha hizo. Jimbo la New York limetafsiri mitihani yake ya sekondari kwa Kihispania, Kichina, Kikorea, Kirusi na Krioli ya Haiti.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba tafsiri ni dawa ya kila ugonjwa. Wataalamu wa mitihani wametufundisha jambo ambalo mwanasheria hana budi kulisikiliza. Tafsiri humsaidia mtoto aliyefundishwa somo lile kwa lugha ile. Aliyejifunza hisabati kwa Kiingereza, hata kama kwao huzungumzwa Kihispania, huenda asiyajue maneno ya hisabati ya Kihispania, na karatasi iliyotafsiriwa ikamletea fumbo la pili. Kwa sababu hiyo majimbo hutumia pia njia nyingine: muda wa ziada, orodha ya istilahi katika lugha mbili, maelekezo yanayosomwa kwa sauti, na maswali yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Njia hii ya mwisho ni rahisi kuliko zote, kwa kuwa hesabu hubaki ile ile na kinachoondolewa ni sentensi ndefu na maneno adimu. Mtoto akiulizwa bei ya mbuzi baada ya kupunguzwa sehemu ya kumi, apimwe kupunguza sehemu ya kumi, asipimwe ujuzi wa msamiati wa wafanyabiashara wa London.

Wala tusidhani kwamba huko kwao haki hii imekamilika. Mwaka 2001 Mahakama hiyo hiyo ya Juu iliamua kesi iliyotoka Alabama, ambako mtihani wa leseni ya udereva ulifanywa kwa Kiingereza peke yake. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji walisema mwananchi hawezi kushtaki yeye mwenyewe chini ya kanuni zile kwa sababu tu amri ya serikali imewaumiza watu wa asili fulani. Lazima ubaguzi uwe wa makusudi. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ya California ilikataa kuliagiza jimbo litahini kwa lugha nyingine, ikisema uamuzi huo ni wa watawala wa elimu. Basi haki iliyoandikwa bila njia ya kuidai mahakamani ni kisima kisicho na kamba.

Sasa turudi nyumbani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, uliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na ule wa Lugha ya Ishara kwa viziwi. Mtihani wa darasa la sita, ulioanza mwaka 2022, umefuata mkondo huo huo. Ilhali sera yetu ya miaka mingi husema mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake katika madarasa matatu ya mwanzo. Mtoto wa Marsabit au wa Turkana huvushwa kutoka lugha ya mama hadi Kiingereza, kisha hupimwa pamoja na mtoto wa jijini aliyekizungumza nyumbani tangu utoto. Akianguka katika sayansi, nani anajua kama ameshindwa na sayansi au na lugha? Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi tumeifanya methali hiyo kuwa sera.

Sheria yetu haiko kimya. Katiba ya zamani ilipofafanua ubaguzi katika kifungu cha 82 haikuitaja lugha kabisa. Katiba ya 2010 inaitaja: ibara ya 27 inaikataza Serikali kumbagua mtu kwa sababu ya lugha. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 56 inaamuru makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalum katika elimu. Na ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Hebu tujiulize: mshtakiwa wa wizi wa kuku anapewa mkalimani, mtoto asiye na kosa, ambaye maisha yake yanaamuliwa kwa saa mbili, anapewa nini?

Kanuni yenyewe tunaikubali tayari. Mtahiniwa kipofu hupewa karatasi ya breli na muda wa ziada, na hakuna anayesema amependelewa. Hata karatasi ya kura hubeba picha na alama ya mgombea, ili asiyejua kusoma naye achague. Tuliopinga kura ya mlolongo ya mwaka 1988, na kushangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A Desemba 1991, tulitaka kila mtu asikike. Mtoto naye asikike.

Kwa hiyo napendekeza tudai mambo manne. Kwanza, maswali ya hisabati na sayansi yaandikwe kwa lugha nyepesi, na yakaguliwe na walimu wa sehemu za mbali kabla ya kuchapishwa. Pili, mahali ambapo masomo yamefundishwa kwa Kiswahili, karatasi iwe na lugha zote mbili rasmi, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza unaoukabili. Nasi tudai vitabu na walimu wa kuitangulia karatasi hiyo. Tatu, watahiniwa wapewe orodha ya istilahi na muda wa kutosha. Nne, matokeo yachambuliwe na kutangazwa kwa namna itakayoonyesha lugha ilimwangusha nani, na wapi.

Kanisa lina wajibu wa pekee hapa. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakungoja watu wajifunze Kijerumani. Alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Makanisa yaliyofanya hivyo kwa Injili, na ambayo leo ni wadhamini wa shule nyingi katika nchi hii, hayawezi kukaa kimya mtoto anapohukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Nendeni mkalizungumze katika kamati za shule, katika jumuiya ndogo ndogo, na mbele ya wabunge wenu.