Zamu ya Jioni na Masomo ya Uuguzi: Mwili Utawezaje?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa yadi katika mkutano wa tawi, Nairobi



Kamati imeniomba niseme juu ya afya ya mfanyakazi ambaye jioni yuko kazini na asubuhi yuko darasani akisomea uuguzi. Pengine mwauliza, kwa nini aitwe mtu wa yadi, ambaye kazi yake ni kuunga na kuachanisha mabehewa, tena aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu? Sababu ni kwamba mke wangu alisoma kazi hiyo miaka mitatu na nusu, na muda wote huo alikuwa ameajiriwa katika mkahawa mmoja hapa mjini, zamu ya saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Sasa ni muuguzi. Mambo hayo niliyaona nyumbani kwangu, na mengine alinisomea mwenyewe kutoka katika vitabu vyake.

Katika tawi letu wako wanne walio katika njia hiyo hiyo, dada zetu watatu na kijana mmoja. Mmoja wao amekwisha kumwambia Katibu kwamba ataacha masomo mwisho wa muhula huu kwa kuwa mwili umemshinda. Basi jambo hili si la kungoja mkutano wa mwaka ujao.

Watu wengi wakisikia habari ya afya hufikiri mara moja kukimbia na kunyanyua vyuma. Humwambia mwenzao, "Umenenepa, anza kukimbia alfajiri." Maneno hayo si mabaya, lakini kwa mtu huyu yameanzia mkiani. Hebu tuhesabu saa zake. Huamka saa 11 alfajiri, huwasha jiko, huwatayarisha watoto, huingia matatu, na saa 2 yuko darasani. Saa 7 mchana hutoka. Saa 8 yuko kazini. Saa 4 usiku hutoka kazini, saa 5 hufika nyumbani, na akimaliza kula na kuoga na kufungua daftari kidogo, ni saa 6. Saa 11 alfajiri aamke tena. Hizo ni saa 5 za usingizi, na mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kila usiku amekopa saa 2, na siku tano za juma zikiisha anadaiwa saa 10. Ukimwambia mtu huyu aamke saa 10 ili akakimbie, umemwongezea deni, hukumpa afya.

Na deni hilo lina hatari yake. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia waliandika juu ya jaribio walilofanya. Waliwakesha watu, wakawapima wepesi wa mikono na akili. Kisha siku nyingine wakawapa watu wale wale pombe, wakawapima tena. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Sasa hesabuni kwa vidole: kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni saa ngapi? Ni 17 kamili. Hapana mmoja wetu ambaye angekubali mlevi asimame kati ya mabehewa mawili wakati injini inarudi nyuma. Lakini mwenzetu aliyeamka saa 11 alfajiri, akashinda darasani, akaja kazini, twamwacha asimame hapo hapo, nasi twamsifu kwamba ana bidii. Na mwanafunzi huyo huyo kesho asubuhi atakuwa wodini, akimsaidia mwalimu wake kupima dawa ya mtoto.

Tena ule unene watu wanaomcheka nao, mara nyingi watoka hapo hapo. Mwili uliokosa usingizi huona njaa kuliko kawaida, tena hutaka vitu vitamu na vya mafuta. Ndiyo maana saa 3 usiku mfanyakazi hutafuta soda na mandazi, wala hatafuti maharagwe. Si ulafi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukuanza na mazoezi. Tulianza na jiko. Mimi nilichukua kazi ya asubuhi yote: moto, chai, sare za watoto, na kuwapeleka mpaka lango la shule, ila siku nilizokuwa na zamu ya usiku, ambapo mama mkwe alitusaidia. Mke wangu akaamka saa 12 badala ya saa 11. Wanaume wengine wa ploti walinicheka sana, wakasema nimeolewa. Haidhuru. Jambo la pili, usiku hakufungua daftari tena. Alikula kidogo, akaoga, na saa 5 na nusu alikuwa amelala. Mnaona hesabu? Saa 6 na nusu. Daftari lilisomwa ndani ya matatu na siku ya mapumziko. Tena chuo hakikuwa mbali na mkahawa. Alifika saa 7 na robo, akala, akajinyosha juu ya benchi la stoo kama dakika 20 kabla ya zamu. Dakika 20 zatosha kuamsha akili. Ukilala saa nzima waamka mzito, na kichwa chakataa kazi.

Chakula nacho kina saa yake. Yeye alikula chakula kikubwa mchana kabla ya kuingia kazini: ugali, sukuma wiki, na maharagwe au omena. Saa 1 jioni alikula kiazi kitamu kilichochemshwa nyumbani, pamoja na yai au ndizi. Akirudi usiku, uji mwepesi au kikombe cha maziwa ya mala, basi. Shangazi yangu alipotutembelea alinilaumu kwamba mke analala njaa, lakini ugali mkubwa wa saa 5 usiku hukaa tumboni kama jiwe na kuuharibu usingizi. Chai na kahawa aliziacha saa 11 jioni. Kile kitu ndani ya chai kinachofukuza usingizi hakitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo. Ukinywa kikombe saa 3 usiku ili umalize zamu, saa 8 usiku bado chakuzungusha kitandani.

Sasa ndipo tuje kwenye mazoezi, maana usingizi peke yake haujengi miguu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kila juma za mwendo unaomfanya apumue kwa nguvu kidogo, na siku mbili au zaidi za kazi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 ukizigawa kwa siku 5 ni nusu saa kwa siku, wala si lazima uzipate kwa mkupuo mmoja. Mke wangu alishuka matatu karibu na City Stadium, akatembea kwa haraka mpaka mjini, mkoba mgongoni. Hiyo ndiyo nusu saa yake, tena jua la asubuhi huuambia mwili kwamba kumekucha, na usiku usingizi huja kwa wakati. Lakini hayo ni ya asubuhi. Mtu asiniambie kwamba nimesema dada zetu watembee Jogoo Road saa 4 usiku kwa ajili ya mazoezi. Usiku panda gari.

Misuli ni habari ya mgongo. Wanaosomea uuguzi mwadhani kazi yenu ni sindano na kalamu, lakini wauguzi wengi huumia mgongo, kwa sababu mgonjwa hunyanyuliwa, hugeuzwa, huketishwa, siku nzima. Watu wa gengi wanaobeba mataruma wanaijua kazi hiyo kuliko profesa. Piga magoti, usipinde kiuno. Mzigo uwe karibu na kifua. Usijipinde ukiwa umebeba, geuza miguu. Mwite mwenzako, mhesabu pamoja. Mgonjwa mzito avutwe kwa shuka, watu wawili au zaidi, na kitanda kipandishwe kwanza kama chapanda. Kwa kuutayarisha mgongo huo mke wangu alifanya mambo madogo mara mbili kwa juma, kama robo saa: kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu, kuusukuma ukuta kwa mikono, na kutembea na madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Madumu hayana ada ya kila mwezi. Wiki ya mtihani aliyaacha yote haya, lakini usingizi hakuuacha.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema kama kwamba yote yamo mikononi mwa mwanafunzi na mumewe. Sivyo. Jambo lililokaribia kumwangusha mke wangu lilikuwa karatasi ya zamu. Pale mkahawani zamu za Jumatatu zilibandikwa ukutani Jumamosi jioni. Majuma ya wodini yalipokuja, chuo kikamtaka mchana, na msimamizi akakataa asibadilishane na mwenzake, ingawa mwenzake alikuwa tayari. Siku mbili zilikatwa katika mshahara. Mwakilishi wa wafanyakazi wa pale alikwenda ofisini mara tatu. Mwisho wakakubaliana kwamba zamu zibandikwe siku 14 mbele, na wafanyakazi wawili wakitia sahihi wanaweza kubadilishana. Mkahawa haukupoteza hata senti moja. Mke wangu naye aliweza kupanga usingizi wake, maana huwezi kupanga usingizi wa juma usilolijua.

Hapo ndipo Chama kinapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Hizo ni haki, si zawadi ya msimamizi, na mwanafunzi asikubali kuziuza zote kwa ovataimu. Najua ada yauma. Lakini mara nyingi yafaa kukopa ada katika Sacco na kulipa polepole kuliko kuinunua kwa siku yako ya pekee ya kulala. Ruhusa ya siku za mtihani ni jambo la kutafuta katika mapatano yetu na mwajiri. Mimi naomba Kamati iyapeleke mezani pamoja na karatasi ya zamu ya siku 14, na chumba chenye benchi ambapo mtu aweza kujinyosha dakika 20 bila kuitwa mvivu.

Wale wanne wampe Katibu ratiba zao za chuo kabla ya Ijumaa, darasa na wodi, ili zilinganishwe na zamu za miezi mitatu ijayo. Wenzao walio tayari kubadilishana nao waandike majina chini ya karatasi hiyo hiyo. Mimi nimekwisha kuandika langu. Na yule dada yetu namwomba asiipeleke barua ya kuacha masomo mpaka Kamati ikutane Jumatano.

Wenye maswali sasa waulize.