MTO NARMADA: MTO UNAOZUNGUKWA KWA MIGUU



Ikitajwa mito mitakatifu ya Bara Hindi, watu wengi huukumbuka kwanza mto Ganga. Lakini katikati ya nchi hiyo uko mto mwingine, Narmada, ambao Wahindu huuheshimu kwa namna ya peke yake: huuzunguka wote kwa miguu, tangu chemchemi yake hata baharini, kisha hurudi kwa ukingo wa pili.

Narmada hutoka Amarkantak, katika jimbo la Madhya Pradesh, mahali palipoinuka kiasi cha futi 3,500 juu ya bahari. Chemchemi yenyewe ni ndogo, nayo imejengewa birika na mahekalu. Mito mikubwa mingi ya upande wa kusini wa Bara Hindi hushuka mashariki. Narmada hushika njia ya magharibi, katika bonde refu kati ya milima ya Vindhya na milima ya Satpura. Karibu na mji wa Jabalpur hupita katika korongo la marumaru nyeupe, na baada ya mwendo wa maili 815 huingia Ghuba ya Khambhat, karibu na mji wa Bharuch. Bandari hiyo ni ya kale sana. Wayunani waliiita Barygaza, na kitabu chao kimoja cha karne ya kwanza chasema kwamba vyombo vya huko vilileta ngano, mchele, samli na nguo katika pwani ambayo sasa ni ya Somalia.

Kwa Wahindu mto huu ni mama aliye hai, naye huitwa binti wa mungu wao Shiva. Husemwa kwamba katika Ganga mtu hutakaswa kwa kuoga, bali kwa Narmada kuutazama tu kwatosha. Mawe laini yaliyosuguliwa na maji yake huwekwa majumbani na mahekaluni kuwa ishara za Shiva.

Mwenye kuuzunguka huuweka mto daima upande wa mkono wake wa kuume, wala hana ruhusa ya kuuvuka, ila kwa chombo mlangoni mwake, unapokutana na bahari. Safari yote ni maili 1,600 hivi. Kwa desturi ya zamani huchukua miaka 3, miezi 3 na siku 13, maana hujaji hupumzika wakati wa mvua kubwa. Chakula chake ni kile anachopewa vijijini, na wenyeji, hata walio maskini, huona kumlisha kuwa ni heshima. Siku hizi wengi huzunguka kwa mabasi, lakini waendao kwa miguu wangaliko.

Mwaka 1961 Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliweka jiwe la msingi la bwawa kubwa, ambalo leo huitwa Sardar Sarovar. Wanavijiji wa bondeni, wengi wao wa kabila la Bhil na makabila mengine ya milimani, walilipinga kwa miaka mingi wakiongozwa na Bibi Medha Patkar, na mwaka 1993 mkopo wa Benki ya Dunia ulikoma. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu iliruhusu ujenzi uendelee, na mwaka 2017 bwawa lilifunguliwa rasmi, kimo chake futi 455. Vijiji zaidi ya 200 viliguswa na maji yake. Hekalu la kale la Shoolpaneshwar lilizama, likajengwa jipya mahali pa juu, na mahujaji wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Lakini maji hayo hayo hupelekwa kwa mfereji mkubwa katika jimbo la Gujarat hadi mpaka wa Rajasthan. Hufika pia Saurashtra na Kutch, sehemu kavu ambazo ndizo asili ya jamaa nyingi za Wahindi wa Afrika ya Mashariki.

Basi mkulima wa Gujarat anayemwagilia shamba lake, na mtu wa Bhil ambaye shamba lake limezama, wote wawili humwita Narmada mama. Mwenye kiu ana haki ya kupata maji. Aliyehamishwa naye ana haki ya kupewa ardhi nyingine iliyo njema kama ile aliyoipoteza. Bwawa limekwisha kujengwa, lakini wako wengi wasemao kwamba haki hiyo ya pili hawajaipata.