Picha Bila Jina

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama wanaume watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Sanamu hiyo iliwekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Chini yake pana maandishi, Kiswahili kikiwemo, yanayoahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke sanamu hiyo utakavyo, hutaona jina hata moja la aliyekufa.

Sasa mfuate mpiga picha wa habari wa huku kwetu Matulo, Bungoma. Siku ya gwaride, kama lile la Madaraka lililofanyika Kanduyi, Uwanja wa Masinde Muliro, tarehe 1 Juni 2024, kazi yake ni vikosi vinavyopita na wakubwa jukwaani. Lakini picha inayomvutia ni ya mzee mstaafu, nishani kifuani, anayejikaza kusimama wima bendera inapopita. Anabonyeza, anakimbilia kikosi kinachofuata. Jioni picha inatumwa, chini yake maneno mawili: askari mstaafu.

Wikendi yuko kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, akiwangoja vijana wa mbio za baiskeli wanaopanda kuelekea Lugulu, Misikhu na Kamukuywa. Wanampita kama upepo, nyuso zimefichwa na kofia na miwani. Hata hivyo hakosi jina la yeyote, kwa kuwa kila mmoja ana namba mgongoni na mwandalizi ana orodha. Suleiman Kangangi wa Eldoret alipofariki mbioni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022, dunia nzima ya baiskeli ililitaja jina lake. Na ndivyo inavyopasa.

Utasema Waafrika wa vita vile vya kwanza walikuwa wengi mno kuandikwa. La hasha. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, alikuwa na namba yake ya jeshi. Mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, alivishwa kibati chenye namba, na malipo yake yakaingizwa daftarini. Orodha zilikuwepo, waliokuwa na madaraka ndio walioamua kwamba Mwafrika wa kawaida hahitaji jina lake lichongwe. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Uamuzi ule ulikuwa wa mkoloni. Huu wa leo, wa kumpiga mzee picha na kuondoka bila kumuuliza anaitwa nani, ni wetu wenyewe. Waliorudi kutoka Burma mwaka 1945, baada ya Vita Vikuu vya Pili, wamebaki wachache sana, ikiwa wamebaki. Waliolitumikia jeshi letu baada ya uhuru nao nywele zimeshakuwa nyeupe, na baada yao wanakuja waliovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapiga picha: kalamu na daftari vikae katika mfuko mmoja na kamera. Muulize mzee jina lake, kijiji chake, kikosi chake na mwaka aliojiunga. Dakika mbili zinatosha. Na wewe msikilizaji wa Kiminini, wa Bokoli, wa Sirisia, kama ukutani kwenu kuna picha ya babu mwenye sare, ishushe leo. Mwite shangazi au mjomba anayemfahamu, uandike nyuma ya picha babu ni nani na alipigana wapi. Usingoje matanga, kwa sababu siku hiyo huenda anayejua ndiye mnayemzika.