Uzembe wa Nani? Mikono Inayopotea Viwandani

Mfanyakazi akikatwa mkono na mashine, neno la kwanza kusikika kiwandani huwa uzembe. Kibarua alisinzia, alikuwa anapiga soga, hakusikiliza maelekezo. Mhadhara huu unalikataa neno hilo, na unaanza kulikataa kwa hesabu.

Mashine ya kukamua miwa inayoonekana kando ya barabara ina rola zinazozunguka kuelekeana, na kila kinachogusa kati yake huvutwa ndani. Viwandani rola za namna hiyo, kubwa na zenye nguvu zaidi, hukunja mabati, hukanda mpira na kusukuma unga wa biskuti. Chukua rola yenye kipenyo cha sentimita 20 inayozunguka mara 300 kwa dakika. Uso wake hupita kwa zaidi ya mita 3 kila sekunde. Binadamu huhitaji takriban robo sekunde kuhisi kwamba amebanwa na kuanza kujivuta. Ndani ya muda huo rola inaweza kumeza sentimita 78, yaani mkono mpaka begani. Mtu makini kuliko wote duniani hana mwili wenye kasi ya kujiokoa hapo. Kinachomwokoa ni kinga ya chuma iliyozuia vidole visifike kwenye rola tangu mwanzo.

Waingereza waliligundua hili mapema. Sheria yao ya viwanda ya mwaka 1844 iliwaamuru wenye viwanda vya nguo kuzungushia kinga mitambo ya hatari, na ikakataza watoto kusafisha mashine zikiwa zinazunguka.

Kwa nini kusafisha? Kwa sababu mashine inapozalisha kama kawaida, mfanyakazi husimama mbali nayo kidogo. Hatari huja mali inapokwama, mkanda unapochomoka, au unga unapoganda kwenye rola. Hapo kinga hufunguliwa na mkono huingia. Fundi amezima swichi, lakini mwenzake wa upande wa pili, asiyemwona, anaiwasha. Au umeme umekatika kweli, ila gurudumu zito bado linazunguka na hewa iliyobanwa bado imo kwenye mabomba. Na pale mshahara unapohesabiwa kwa idadi ya vipande, kila dakika ya kusimamisha mashine ni hela inayomtoka mfanyakazi mfukoni. Atakwamua mali huku mashine ikiwaka, na msimamizi aliyeweka malipo ya aina hiyo anajua.

Dawa yake ni kufuli. Marekani ilitoa kanuni yake mwaka 1989: kabla ya matengenezo, chanzo cha nguvu kikatwe, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, kila fundi abaki na ufunguo wake, kisha mashine ijaribiwe kuwashwa ili kuthibitisha kwamba imekufa. Mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo hukadiria kwamba utaratibu huo huzuia vifo 120 na majeruhi 50,000 kwa mwaka. Tangu 2015, mwajiri huko anatakiwa kutoa taarifa ya kila kiungo kilichokatika ndani ya saa 24.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango mwaka 2015. Kenya ilitunga sheria zake mbili, ya usalama na ya fidia, mwaka 2007. Fidia ni haki, na familia nyingi zinaihitaji. Hata hivyo fidia huja mkono ukiwa umeshapotea.

Wenye viwanda wanunue kufuli leo, na waache kulipa kwa kipande kwenye mashine zenye rola na visu. Wakaguzi nao wasiridhike na ziara za mchana zilizotangazwa mapema. Waingie zamu ya usiku, saa ya kusafisha mashine, waulize ufunguo wa swichi kuu uko mfukoni mwa nani.