Pikipiki ya Mtumba ya Kujifunzia Njia Mbovu

Msikilizaji, kama unataka kujifunza kuendesha kwenye matope na makorongo, usikimbilie pikipiki kubwa. Honda XL125 iliyotumika inatosha: ni nyepesi, na ikianguka, maana itaanguka tu, utainyanyua mwenyewe. Ukifika kwa muuzaji, gusa injini kabla haijawashwa. Ukikuta ya moto, huenda ameipasha makusudi ili isisumbue kuwaka, subiri ipoe. Ikiwaka, tazama moshi: wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Kandamiza shokapu za mbele mara kadhaa, kisha zipitishie kidole. Kikitoka na oili, sili zimekwisha, shusha bei. Rangi mpya isikubabaishe. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi. Na usimalize hela zote hapo. Bado helmeti na buti.